Leseni ya Elkanah: Mlima Unatafutwa Garissa

“Shifta! Elkanah, shifta! Kanyaga mafuta!”

Naam, hapo ndipo tulipokatishana uhondo. Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa nyama buchani kabla hajalimaliza, mambo yalivyo ni haya.

Elkanah Mogaka, dereva wa kutoka Kisii mwenye maneno mengi na leseni hana, yuko nyuma ya usukani wa lori la Mama Habibo. Lori limesimama katikati ya mteremko wa laga, yaani mto mkavu, nje ya Garissa kwenye barabara ya Modogashe, pua juu, mkia chini. Kando yake ameketi Inspekta Gitau, anayemtahini. Elkanah akifaulu, anarudishiwa leseni aliyonyang'anywa na hakimu. Akianguka, msafara wa malori, unaolindwa na jeshi dhidi ya shifta, wale waasi wa porini, utaondoka kesho bila yeye, na Mama Habibo amekwisha kusema wazi kwamba atatafuta dereva mwingine, mwenye leseni na akili zake.

Walifika porini namna ile kwa sababu moja tu. Mtihani unamtaka dereva aondoe gari mlimani bila kurudi nyuma, na Garissa haina mlima.

Inspekta Gitau alikuwa amehamishwa juzijuzi kutoka Murang'a, ambako mtu hawezi kwenda kuazima chumvi kwa jirani bila kupanda kilima na kushuka kingine. Alipoambiwa kwamba Garissa ni bapa kama sinia, alikataa katakata.

“Sheria inasema mlima,” alisema. “Tutautafuta.”

Wakautafuta asubuhi nzima. Wakavuka kizuizi cha jeshi, wakaenda wakaenda, mpaka wakaupata ukingo wa laga ile, na Inspekta akafurahi kama mtu aliyeona kwao. Furaha hiyo haikudumu.

“Umekufa masikio? Nimesema kanyaga!” Inspekta akafoka.

Elkanah akatazama mbele. Juu ya vichaka vya miiba vilikuwa vinakuja vitu virefu, vyeusi, vimepinda nchani, vimeelekea mbinguni. Vilikuja taratibu, vikiyumba, na chini yake vumbi lilikuwa linapanda.

 Mguu wake wa kulia ukaanza kushuka kwenye mafuta bila kuombwa, maana mguu ule ulikuwa mwoga kuliko mwenyewe. Akauzuia kwa nguvu.

“Afande, vitu hivyo mimi navijua.”

“Ni mizinga! Wameifunga juu ya ngamia!”

“Hivyohivyo ndivyo nilivyomwambia hakimu.”

Na ni kweli ndivyo alivyomwambia. Miezi sita nyuma, akiwa katika msafara wa kutoka Modogashe, Elkanah aliona mizinga kama hii juu ya vichaka. Hakuuliza mtu. Alichomoka kwenye mstari, akayapita magari yote, akaipita hata Land Rover ya jeshi iliyowekwa mbele ili imlinde yeye, akaja mbio hadi Garissa, na hakuweza kusimama mpaka pua ya lori ilipoingia katika jiko la kantini ya askari. Sufuria ya ugali iliruka. Mpishi naye aliruka. Elkanah akashuka mikono juu, akitangaza kwamba mji umezingirwa.

Walioizingira Garissa walikuwa familia moja ya wafugaji inayohama. Wasomali wa porini wakihama, akina mama hubomoa nyumba, kwa sababu nyumba ni mali ya mama, na zile fito zake ndefu zilizopindwa hufungwa juu ya ngamia zikabaki zinachungulia mbinguni. Mtu wa Kisii, ambaye nyumba ya baba yake haijawahi kumfuata popote, angejuaje?

Hakimu hakuliona swali hilo kuwa na uzito. Leseni ikaenda. Na kwa kuwa Garissa hakuna mtu anayekaa muda mrefu bila kupachikwa jina, sokoni wakamwita Aqal, yaani nyumba. Habari za asubuhi, Aqal. Aqal, leo umeona nyumba ngapi? Mwanzoni alikuwa akikasirika. Siku hizi alikuwa anaitika, tena wakati mwingine anajitambulisha hivyo mwenyewe, ili kuwapunguzia watu kazi.

“Ni fito za nyumba tu, afande,” akasema sasa, kwa sauti ya mtu mzima aliyeona mengi. “Wanahama. Tulia.”

 Akageuka. Kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

“Afande?”

“Nyamaza!” Sauti ilitoka chini ya lori. “Usiwaonyeshe kwamba niko hapa!”

Elkanah aliganda. Inspekta mzima wa polisi, bastola imebaki kwenye ala yake kiunoni, alikuwa amelala kifudifudi kwenye mteremko, nyuma tu ya gurudumu la mbele. Na hendibreki ya lori la Mama Habibo ilikuwa kitu cha kuombewa. Breki ya mguu nayo, tangu siku ya jiko la kantini, ilikuwa na tabia ya kuzama polepole chini ya wayo kama mtu anayesinzia.

Ikazama. Lori likarudi nyuma upana wa kidole.

“Afande, toka hapo! Lori linashuka!”

“Lipeleke mbele basi!”

“Mbele kuna ngamia!”

Kweli alikuwapo. Ngamia wa kwanza alikuwa ametoka vichakani na kusimama mbele ya boneti, na nyumba nzima mgongoni: fito, mikeka, vibuyu vya maziwa. Alimtazama Elkanah kupitia kioo kwa dharau, akaendelea kutafuna.

Hapo Elkanah aliogopa kwelikweli. Hakuogopa shifta, hakuogopa hata kukosa leseni. Aliogopa kusikia mlio wa mtu chini ya gurudumu. Akaachia klachi nusu, akaongeza mafuta kidogo, akaisikiliza injini kwa mwili mzima. Lori likatetemeka, likashika. Haliendi mbele, halirudi nyuma. Jasho likamwingia jichoni na hakuthubutu kulifuta.

“Mungu wa mama yangu,” akaomba, “najua hatujaonana tangu Krismasi. Lakini huyu afande akifa, hakuna atakayeamini kwamba alijilaza mwenyewe.”

Katika maisha yake hakuwahi kuendesha gari vizuri namna ile. Na mtu pekee aliyetakiwa kumwona alikuwa chini, amefumba macho.

“Waryaa! Aqal!”

Nyuma ya ngamia alitokea mwanamke mrefu, kamba mkononi, uso umejaa furaha. Alikuwa Osob mwenyewe, mwenye nyumba ile ya miezi sita nyuma. Siku ya kesi alitembea mpaka mahakamani, si kushtaki, bali kumwangalia tu mtu aliyeikimbia nyumba yake.

“Leo hakimbii?” akauliza.

“Leo sikimbii, Mama Osob. Nakuomba uondoe ngamia. Kuna mtu chini ya gari.”

Osob akainama, akachungulia. 

“Nani hii?”

“Serikali.”

Osob akacheka mpaka akashika magoti. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yake na ngamia wao wakaja kutazama, nao wakacheka.

“Serikali nasema kuja karibu na mji, borini iko fita,” Osob akasema alipopata pumzi. “Haye. Sisi nakuja. Sisi nakuja, serikali naingia chini ya gari! Sasa sisi naenda wabi?”

“Mama, klachi inaungua!”

Osob akamgunia ngamia, akavuta kamba, na nyumba ikasogea pembeni bila haraka yoyote. Elkanah akampigia afande kelele ajivute katikati ya magurudumu, akaachia klachi taratibu, akaongeza mafuta, na lori likapanda ukingo wote wa laga bila kurudi nyuma hata kidogo. Likasimama juu, mahali tambarare. Elkanah akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani. 

Huko nyuma, mchangani, Inspekta Gitau alikuwa amebaki wazi chini ya jua. Akainuka polepole. Miiba ilikuwa imemshika nywele, tumbo zima la shati lilikuwa vumbi tupu, na kofia yake, iliyoanguka mbele ya gurudumu wakati wa kupiga mbizi, ilikuwa imepitiwa na lori na kuwa chapati. Osob akamkaribisha maziwa ya ngamia. Akayapokea kwa mikono miwili na kuyanywa yote.

Akapanda kwenye lori. 

“Ulirudi nyuma?” Inspekta akauliza.

“Hata kidogo, afande. Upana wa kidole tu, mwanzoni.”

“Najua. Ungerudi zaidi, nisingekuwa hapa nauliza.”

Akatoa leseni mfukoni, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi, akaipuliza wino ukauka. Kisha hakuitoa.

“Na hayo mengine yaliyotokea pale chini...”

“Mimi nilikuwa natazama mbele, afande. Mtihani unataka dereva atazame mbele.”

“Vizuri sana,” Inspekta akasema, na akampa.

Elkanah akaishika leseni yake. Akaitia mfukoni, akaitoa, akalisoma jina lake kama mtu asiyejijua, akaitia tena. Njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akiigusa. Alikuwa ameanza kupanga jinsi atakavyoipita ile kantini polepole, kiwiko nje ya dirisha, na kumsalimu mpishi. Alikuwa ameamua hata kwamba wakimwita Aqal hataitika tena. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka akawa mjinga zaidi ya kawaida yake.

Kwenye kizuizi cha jeshi watu walikuwa wamejaa. Madereva wa msafara wa kesho walikuwa wanakaguliwa magari. Mama Habibo alikuwa ameketi juu ya magunia yake ya sukari, shela kichwani, akingoja kujua kama ana dereva au hana. Elkanah akapiga honi, akapunga leseni dirishani.

“Alhamdulillahi!” Mama Habibo akapaza sauti. “Elkanah, walaalo, umebata?”

“Nimepata, Mama Habibo! Bila hata kurudi nyuma!”

Lakini Kapteni wa jeshi, aliyekuwa amesimama pale na fimbo yake kwapani, hakuwa anamtazama Elkanah. Alikuwa anamtazama Inspekta Gitau akishuka: miiba nywelini, vumbi kifuani, kofia bapa mkononi.

“Inspekta,” akasema, “umepatwa na nini?”

Askari wote wakageuka. Madereva wakageuka. Inspekta Gitau akawatazama askari walio chini yake kwa cheo, macho kodo, wengine tayari wameuma midomo wasicheke.  Na aibu ikamtuma.

“Tulikutana na shifta,” akasema.

Waliouma midomo wakaiachia.

“Wapi?” Kapteni akauliza.

“Kwenye laga. Barabara ya Modogashe. Wengi. Wana mizinga juu ya ngamia.”

Kapteni hakupoteza neno. Akapiga filimbi. Askari wakarukia Land Rover, bunduki zikipita mkono kwa mkono, mtu akapiga kelele kutaka risasi zaidi, injini zikawaka.

Elkanah alibaki kwenye usukani, mdomo wazi. Barabarani kule, alijua, Osob alikuwa anakuja. Alikuwa anakuja karibu na mji kama serikali ilivyomwambia, na nyumba yake imeelekezwa mbinguni, na ngamia wasiokuwa na haraka. Askari hawa wangeziona zile fito kwa mbali, kama alivyoziona yeye siku ile, kama alivyoziona Gitau leo. Tofauti ni kwamba wao wasingekimbia. Walikuwa na bunduki.

Sema ukweli, na Inspekta ataaibika mbele ya askari wote. Sahihi aliyoitia anaweza kuifuta, tena kwa furaha. Nyamaza, na leseni ni yako.

Elkanah akamtazama Gitau. Gitau akatazama chini.

Basi Elkanah, ambaye hajawahi kusifiwa kwa kufikiri haraka, akapata wazo. Lilikuwa wazo la kijinga, lakini lilimfaa mtu mwenye sifa zake.

“Afande Kapteni!” akapiga kelele akiruka chini. “Simamisha! Ni mimi!”

“Wewe nini?”

“Ni mimi niliyeona mizinga! Inspekta ameamini maneno yangu tu. Zilikuwa nyumba, afande. Fito za nyumba. Ni mama mmoja anaitwa Osob, anahamia karibu na mji. Nimezikimbia tena.”

 Askari mmoja juu ya Land Rover akasema, “Aqal!” na kizuizi kizima kikapasuka kwa kicheko. Walicheka wakashikana mabega. Hakuna aliyeshuku neno. Mtu yule yule, fito zile zile. Nani angeshindwa kuamini? Kwa mara ya kwanza Elkanah aliona faida ya kuwa na jina baya linalojulikana na kila mtu. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine.

Kapteni mwenyewe alipangusa machozi. Kisha akakumbuka jambo, na uso wake ukabadilika.

“Na mtu huyu, Inspekta, ndiye uliyempa leseni leo?”

Gitau akaigeuza kofia yake mikononi.

“Lete hapa,” Kapteni akamwambia Elkanah, na kunyoosha mkono.

Elkanah akaitoa. Ilikuwa bado na joto la kifua chake. Akaiweka mkononi mwa Kapteni, akarudi nyuma hatua moja, akajaribu kutabasamu na hakuweza.  Hakumtazama Mama Habibo, lakini alimsikia.

“Elkanah,” akasema kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. “Wewe mutu ya namna gani?”

Hata yeye alikuwa anajiuliza hilohilo. Miezi sita ameitafuta leseni, akaipata, akakaa nayo mwendo wa kutoka lagani mpaka kizuizini. Hata mtu wa kukopeshwa baiskeli hukaa nayo zaidi.

“Mtu huyu ni mwongo, afande,” akasema Inspekta Gitau.

Elkanah akafumba macho. Haya, akawaza, sasa na jela.

“Hakukimbia,” Gitau akaendelea, na sauti yake ikawa inapungua kila neno. “Aliniambia ni nyumba, aliniambia nitulie. Aliyeona mizinga ni mimi. Nilishuka nikajificha chini ya lori, likiwa mlimani, na breki mbovu. Alilishika kwa klachi mpaka likapanda bila kunigusa. Asingelishika, leo mngekuwa mnanichimbia kaburi. Mtihani alifaulu.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Askari mmoja alianza, mwenzake akamkanyaga mguu. Gitau alikuwa amesimama wima, kofia yake ya chapati imeshikwa mbele ya tumbo kama sahani, na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta aje Garissa, Elkanah akampenda.

Kapteni akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akaikunja leseni, akamwendea Elkanah, akamtilia mwenyewe mfukoni.

“Mogaka,” akasema, “unaijua barabara ya Modogashe?”

“Kama kiganja changu, afande!” Elkanah akajibu, kifua mbele. Mtu huyu hajifunzi.

“Msafara wa kesho magari yote yana nafasi yake, isipokuwa moja. Kila dereva ninayempa nafasi hiyo huumwa na tumbo. Nimechoka na watu wanaoona vitu. Nataka mtu ambaye akiona ngamia anaona ngamia, na lori likitaka kumshinda halimshindi. Wewe utakuwa gari la kwanza.”

Elkanah alisikia vizuri. Alijaribu kusikia vibaya, akashindwa. Gari la kwanza ndilo linalokula risasi za kwanza. Na tangu mabomu yaanze kufukiwa mchangani, gari la kwanza ndilo linalowaonyesha wenzake mahali yalipofukiwa.

“Lori yangu!” Mama Habibo alipiga yowe kutoka juu ya magunia. “Mbele? Na sukari yangu ndani?”

“Na wewe, Inspekta,” Kapteni akasema bila kugeuka, “utakaa kando yake. Umesema anaendesha vizuri. Nenda ukahakikishe.”

Kofia ikamtoka Gitau mikononi.

Elkanah akaingiza vidole mfukoni, akaitoa leseni polepole. Miezi sita alikuwa ameililia asubuhi na jioni. Akamnyooshea Kapteni kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

“Afande, hebu itazame tena vizuri. Huoni kama hii sahihi ina kasoro?”

Kapteni akairudisha mfukoni mwa Elkanah, akafunga kifungo.

“Alfajiri,” akasema. “Mbele kabisa.”